Viti Sita vya Jina la Mama

Niliota usiku wa jana kwamba jina la mama yangu limefika langoni kwa miguu na askari amelizuia.

Nieleze kwanza. Mama anaitwa Ndũkũ, ana miaka sitini na mitatu, na leo anapokea cheti cha ngumbaru. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika programu ya kuonyesha majina ya wahitimu kwenye skrini ya ukumbi, nikaiandika kwa C, lugha ngumu ya kompyuta, kwa sababu nina kiburi. Majina yote yalitoka vizuri isipokuwa lake, lenye herufi isiyo ya Kiswahili. Kila ũ iligeuka alama mbili za kuuliza. Nilijua akiziona hatasema skrini imekosea. Atasema yeye ndiye hajui kusoma. Nililala bila kupata kosa.

Basi, langoni wamesimama wageni saba. N, d na k wamekuja wazima. Kila ũ amekuja nusu mbili, zimeshikana kama watu wanaohamisha kabati.

Askari ni mashine ya kupiga chapa iliyovaa koti. Kifuani ameshona jina lake: mbrtowc, kile kipengele cha C kinachounganisha vipande kuwa herufi. Simwombi alitamke.

"Wageni saba," anasema.

"Watano, afande. Hawa wawili ni mtu mmoja. Na wale pia."

"Mimi naona saba, na wanne siwatambui. Nisiyemtambua namvisha hii." Anafungua sanduku la alama za kuuliza, zote zimepigwa pasi.

Nusu moja inaanza kulia. "Peke yangu sina maana," inaniambia.

"Usiseme hivyo," naijibu, ingawa ni kweli.

"Kwani umewatoa wapi?" askari ananiuliza. "Umeingia tu, hujasema kwenu ni wapi. Asiyesema kwao namhesabu mtu wa nchi ya C, na huko kila baiti, hata iliyo nusu ya herufi, ni mtu mzima."

Naona aibu. Miaka kumi na mmoja naandika programu, na kila mara naingia moja kwa moja kwenye kazi bila kutaja kwetu. Mama amenigombeza kwa tabia hiyo hiyo kwenye nyumba za watu.

Navua kofia. "Kwetu ni Kenya, afande. Upande wa UTF-8, ambako herufi moja huweza kuwa baiti mbili."

"Ungesema mapema, ndugu yangu."

Anafungua daftari. Nusu ya kwanza inapita, naye anaandika: nusu imefika, namngoja mwenzake. Hafungi daftari. Nusu ya pili inapita, zinakumbatiana, na palepale anasimama ũ mzima, akicheka. Na mimi nacheka.

Lango sasa ni darasa la mama. Nimeleta viti vitano, vyote upana mmoja, kila kimoja kinatosha watu wanne, maana hapa kila herufi hupewa kiti sawa na mwenzake. N anaketi. d, aliye mwembamba, anateleza huku na huku kwa raha. Wote watano wanaketi.

Mama anaingia na kitabu kwapani, anaanza kuwasoma. "Ndũkũ," anasema, kisha anaendelea, "Ndũkũ mnyororo wa baiskeli, nusu ya namba ya simu ya jirani, mlio wa mbuzi..." Vitu hivyo vinaingia kweli kupitia ukutani, na mama hajui aache wapi. Ananiangalia kwa hofu.

"Na Kimya, yule anayefunga jina, ataketi wapi?" ubao unaniuliza. "Jina bila Kimya haliishi."

Nakimbilia stoo, narudi na kiti cha sita mgongoni. Kimya anaingia. Uzito wake ni sifuri, lakini anataka kiti kizima kama wengine. Anapoketi, mbuzi ananyamaza.

"Ndũkũ," mama anasoma, na anakomea hapo. Herufi zinapiga vigelegele. Mama anacheza na k, kisha na ũ wote wawili kwa zamu. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Nikaamka kumekucha. Mama alikuwa sebuleni, amekwisha vaa. Niliwasha kompyuta, nikaendesha programu bila kugusa kitu, na jina likatoka zima. Nikamwita. Alivaa miwani, akafuata herufi kwa kidole, tano, polepole.

"Ni mimi," akasema.

Kidole chake kilikuwa kimehamia dirisha la pembeni, kwenye programu yenyewe, kwa sababu siku hizi husoma kila kitu.

"Mstari huu haujapangana na wenzake, Musembi."

Ulikuwa mstari wa kwanza wa kazi, ule wa kutaja kwetu. Mimi huanza mistari yangu baada ya nafasi nne. Ule ulikuwa na tatu, na sikuwa nimeuandika.

"Umeandikwa na nani?" mama akauliza.

"Na askari wa langoni."

"Ulimwambia asante?"

Sikuwa nimemwambia.