Kikombe cha Mjukuu wa Dadi

Wako watu wanaoadhirishwa na maadui zao. Nasor bin Farhan wa Bagamoyo aliadhirika mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia, barazani kwake, mbele ya wageni aliowaalika.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya Chama cha Desturi. Hicho ni chama cha ufalme wa Ngarawe, kisiwa walichohama wazee wa kina Nasor walipokuja kufanya biashara pwani hii. Wajukuu wengi kisiwa hawajakitia machoni, lakini tawi la chama wanalo, tena wanalo kwa mbwembwe. Kila mwaka hukutana kwa Nasor, wengine wakitoka Mapinga, wengine Kiwangwa na mananasi yao, kusikiliza historia ya chama. Msimulizi ni Nasor, kwa sababu mwasisi alikuwa babu yake, Mzee Dadi.

Na historia yenyewe ina vituko vyake. Mfalme wa Ngarawe alitaka kuweka taa barabarani. Mzee Dadi, aliyekuwa akinywa naye kahawa, akakipindua kikombe chake kifudifudi juu ya sinia, asiseme neno. Mfalme akaelewa, na Ngarawe ikakaa gizani miaka chungu nzima. Hapo ndipo chama kilipozaliwa, na hadi leo hivyo ndivyo kinavyopiga kura. Ukikubali, kikombe chako kinasimama, ukikataa, unakilaza. Kila mtu huvua kofia yake akakifunika kikombe, asionekane alichofanya, kisha kofia zote huinuliwa pamoja. Kikilala kimoja tu, jambo limekwisha.

Basi chama kikakataa baiskeli, kikakataa redio, kikakataa shule ya wasichana. Na kila kilipochoka kukataa kitu, kilijigamba kwamba ndicho kilichokileta. Nasor huyasimulia yote hayo kwa madaha, kifua mbele, bila hata kucheka.

Asubuhi ya siku hiyo alikuwa akijizoeza, na binti yake Shurooq akimsikia. Shurooq ndiye anayeendesha duka lao la saruji na nondo, na kusema kweli ndiye anayeliendesha tawi pia. Kukitokea msiba, mbio ni zake. Akilazwa mgonjwa, uji wa hospitali ni wake. Safari hii alikuwa ameomba ukatibu wa tawi, kitu ambacho mwanamke yeyote wa chama hajawahi kukiomba.

"Baba," alisema akimmiminia chai, "kila mwaka ni chama kilikataa, chama kilikataa. Huyo chama ni nani? Si kuna mtu alikilaza kikombe?"

"Chama ni chama, mwanangu."

"Na leo?"

"Leo kikombe changu unacho," akasema Nasor. "Hao wengine siwajui, lakini changu unacho."

Msimwone mwongo. Saa ile alimaanisha, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

Alasiri watu wakajaa barazani. Wanawake walikaa ndani, nyuma ya pazia, na Shurooq akawa anatoka na birika la kahawa na kurudi. Nasor akasimulia, akapamba, watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha mwenyekiti, Mzee Abdulswamad, akaweka mezani ombi la Shurooq. Huyu mzee mkali, bwana. Hata shikamoo ukiitoa vibaya anakurudisha uanze upya. Sasa alikuwa amekunja uso.

Nasor akavua kofia, akakifunika kikombe, na woga ukamwingia. Akajisemea: hawa watakataa wote. Cha kwangu kikisimama peke yake, wataniambia mjukuu wa Dadi anaendeshwa na bintiye. Yeye kukosa atakosa tu, sasa mimi nichekwe kwa faida gani? Na vidole vyake, chini ya ile kofia, vikakilaza kikombe.

"Bismillahi," akasema Abdulswamad, na kofia zikainuliwa.

Vikombe vilikuwa vimesimama. Cha Abdulswamad kimesimama. Cha Yousuf, aliyewahi kugombana na Shurooq hadharani kwa sababu ya mifuko ya saruji, nacho kimesimama. Kilicholala kilikuwa kimoja, mbele ya mwenye nyumba, kahawa iliyobaki ikichuruzika sinia nzima. Nasor alitamani ardhi ipasuke immeze. Masikio yalimwaka moto, na hakujua auweke wapi uso wake.

Abdulswamad alikitazama kile kikombe.

"Tangu juzi nawazungukia hawa nyumba kwa nyumba, nawabembeleza," alisema taratibu. "Kwako sikupita, Nasor. Nilisema, huyo ni baba."

Jambo lilikuwa limekwisha, kwa kanuni ya Mzee Dadi mwenyewe, ile ambayo mjukuu wake ametoka kuisifu sasa hivi.

Pazia likasogea, Shurooq akatoka na birika. Alikuwa ameona. Alipofika kwa baba yake akakiinua kile kikombe, akakifuta kwa ncha ya mtandio wake, akamimina.

"Mwakani utasimuliaje, baba?" aliuliza kwa sauti ya chini, bila hasira. "Chama kilikataa?"

Nasor akafungua kinywa. Neno alilolitaka lilikuwa fupi, mimi, na halikutoka.

"Kunywa, itapoa," akasema Shurooq, akaenda kwa mgeni mwingine.

Akanywa, kahawa ikaisha. Wageni wakaaga, wakatafuta viatu vyao, wakaondoka mmoja mmoja bila kumtazama usoni. Nasor alibaki amekaa palepale na kikombe mkononi, hajui akiweke vipi chini.