Suala Alilolimeza Mwalim Jaku

Mwalim Jaku wa Mkokotoni alikuwa na sifa moja tu, na sifa yenyewe ilikaa mdomoni. Miaka ishirini na saba, kila mfungo sita, mwezi aliozaliwa Mtume, yeye ndiye aliyesoma kiyamu katika maulidi ya msikiti wao, pale watu wote wanaposimama kumsalia Mtume. Watu walikuwa wakivuka kutoka Tumbatu na wake zao na watoto wao kuja kuisikia thei yake na dhali yake. Mtu yule alikuwa akizitoa herufi safi, mwili wako ukasisimka upende usipende.

Basi meno ya mbele ya juu yakaanza kutoka. Moja lilikwenda na uzee, mawili yakaliwa na tambuu, na la nne, msicheke, lilivunjika akifungua fundo la kamba kwa meno, mwanamme wa miaka sitini, mkewe anampigia kelele atumie kisu. Ulimi ukakosa pa kuegemea. Thei ikawa inatoka upepo mtupu, fyuu! Katika maulidi ya mwaka wa tatu tangu Mapinduzi vijana waliinamisha vichwa wasicheke hadharani, na Mwalim Jaku aliwaona mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo hakusoma tena. Kiyamu akapewa jirani yake Mabrouk, ambaye, Mungu amsamehe, alikuwa akisoma kama mtu anayekimbizwa na mvua. Mwalim akawa anakaa nyuma, karibu na viatu, akirudi nyumbani hali chakula. Usiku mkewe Bi Mwanapili akimsikia anasoma kwa kunong'ona, akifika kwenye thei anairuka.

"Bwana wee," alimwambia siku moja, "mjini kuna daktari wa Kichina anatia watu meno. Nenda. Mimi nshachoka kukuona unasoma kwa kujificha, utafikiri unaiba."

Mwalim alinuna siku mbili, ya tatu akapanda gari la asubuhi.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, nywele zimekatwa zinaishia shingoni, jina lake Daktari Liu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo maneno yake aliyapitisha kwa nesi Wanu, msichana wa Amani aliyefanya naye kazi miaka miwili hata wakawa wanafahamiana kwa macho. Wanu alimkalisha Mwalim kwenye kiti, akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaanza.

"Mwalim, daktari anasema kabla hujatiwa meno kuna mambo uyajue. Vile vigutu viwili vilivyobaki lazima vitoke. Halafu ufizi ukae miezi mitatu upone, ujikaze, kwa sababu meno yakikaa juu ya ufizi ambao haujapona yatakuwa yanacheza. Unatafuna tambuu?"

"Mara moja moja," alisema Mwalim. Wallahi, midomo yake ilikuwa myekundu wakati anasema.

Wanu akatafsiri. Daktari akaitazama ile midomo, akacheka kidogo, akasema neno. "Anasema hiyo mara moja moja iwe basi. Na ukishayapata, wiki ya mwanzo yatakuuma na utajiona una mdomo wa mtu mwengine. Usikate tamaa. Soma kwa sauti kila siku mpaka ulimi uyazoee. Ukilala yavue, yalaze kwenye maji baridi."

Miezi mitatu alivumilia. Tambuu aliacha kweli, na hilo peke yake Bi Mwanapili alilihesabu muujiza. Alipoitwa tena, daktari alimtia mdomoni kijisahani cha bati chenye uji mzito, akamshikilia taya mpaka ule uji ukaganda. Ulipotoka, Mwalim aliona alama za mdomo wake mwenyewe zimebaki ndani yake, mkunjo kwa mkunjo. Daktari akamimina plasta, na baada ya muda akabandua kitu cheupe: ufizi wa Mwalim Jaku, na kaakaa la Mwalim Jaku, juu ya meza. "Subhana-llah," alinong'ona. Kwenye rafu nyuma ya daktari kulikuwa na midomo mingine kama ule, myeupe, imepangwa safu juu ya safu, kila mmoja umeandikwa jina. Nusu ya Unguja ilikuwa pale, kimya. Mwalim aliitazama mpaka Wanu akamgusa bega.

Zikiwa zimebaki siku tisa maulidi yafike, akapewa meno yake. Yalikuwa mazuri, ufizi wake mwekundu mwekundu kama wa mtoto.

"Una suala, Mwalim?" aliuliza Wanu.

Suala alikuwa nalo, tena lilimkaba. Mabrouk alikuwa amemwambia barazani kwamba meno haya hufanywa kwa mfupa, na mfupa wenyewe ni wa nguruwe au wa maiti, hakuna wa tatu. Lakini utamwambiaje mtu aliyekuinamia muda wote huo, amekushika taya kwa mkono wake, "Hebu niambie, umenitilia nguruwe?" Hiyo si adabu ya watu wa Unguja. Mwalim akalimeza.

"Sina," alisema. "Ahsante sana."

Nyumbani hakuyatia. Aliyaweka juu ya meza, akayazunguka. Akiyatia yakawa najisi, sala yake haifai, na kiyamu atakisomaje mbele ya watu kwa mdomo wenye najisi? Baada ya Alasiri alipata dawa, na dawa aliijua tangu utoto. Aliyaosha mara saba, kama inavyooshwa najisi ya nguruwe, moja kati ya hizo kwa udongo safi, akisugua kwa nia. Hapo angeliacha ingekuwa salama! Lakini moyo wa Mwalim haukutulia, akataka yakini juu ya yakini, akayatumbukiza kwenye birika la maji yanayochemka, akasubiri muda wa kusoma Yasini.

Alipoyatoa yalikuwa yamepinda. Aliyajaribu mdomoni, yakasimama upande mmoja kama mlango uliong'oka bawaba. Bi Mwanapili alitoka jikoni, akamwona mumewe amekaa chini na kijiko mkononi, machozi yanamtoka.

"Umeyapika?" aliuliza. "Jaku! Umeyapika meno?"

Siku nane zilibaki.

Kesho yake kwenye gari alitunga uwongo njia nzima. Atasema aliyaacha juani. Jua la Unguja kila mtu analijua, litasingiziwa, halitasema kitu. Alipofika mjini alikuwa ameupamba mpaka akaanza kuuamini.

Daktari Liu aliyapokea yale meno, akayageuza, na uso wake ukaanguka. Hakugomba. Alivuta mtoto wa meza. Ndani mlikuwa na meno mengine, yote yamepinda, na Mwalim aliyahesabu: kumi na moja.

"Wote wanasema jua," alisema Wanu kwa sauti ndogo. "Daktari amefikiri mpaka amekonda. Kwao hayapindi. Anadhani unga wa kufanyia meno uliharibikia baharini, au mkono wake ndio mbaya. Ameshaandika barua kwa wakubwa zake kuwa kazi ya meno ya bandia aiache, maana anawadhulumu watu. Barua inaondoka Jumamosi. Haya, na yako ni jua, Mwalim?"

Mwalim Jaku alimtazama yule mwanamke. Alikuwa amesimama na meno yaliyopinda viganjani, macho chini, na haya ile ile aliyokuwa nayo yeye, Mwalim aliiona nzima usoni kwa daktari, naye hana kosa. Kumi na moja! Watu wazima kumi na moja, wenye sala zao na adabu zao, kila mmoja amekaa kwenye kiti hiki akamwambia uwongo mpole, na kila uwongo ukamla.

"Si jua," alisema. "Nimeyachemsha mimi."

Wanu akageuka kumtazama Mwalim.

"Mwambie. Mwambie niliogopa yana mfupa wa nguruwe. Niliona haya kuuliza, nikayaosha mara saba kisha nikayachemsha. Na hao kumi na moja, wallahi, wameyachemsha."

"Mama yangu mdogo yumo humo," alisema Wanu, mkono mdomoni. "Aliniapia ni jua!"

Ilichukua muda kutafsiri, kwa sababu Wanu alikuwa akicheka na kulia. Daktari Liu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliketi, akajifunika uso, mabega yakatikisika, na hakuna aliyejua anacheka au analia mpaka alipoinua kichwa akampungia Mwalim mkono. "Njoo," alisema kwa Kiswahili. "Njoo, tazama."

Alimwingiza chumba cha nyuma. Alitia unga wa rangi ya waridi kwenye kikombe, akaudondoshea maji yenye harufu kali, akakoroga. Ukawa donge. Akalikata kipande, akamwekea Mwalim kiganjani, laini kama kinyunya cha sambusa. Mwalim alilibonyeza kwa kidole. Likapata moto lenyewe, hakuna jiko wala jua, likamchoma kidogo, na mbele ya macho yake likawa gumu kama jiwe. Unga na maji, basi. Hapana mfupa, hapana mnyama, hapana maiti. Alihisi nywele zinamsimama. Miaka yote alikuwa akifundisha watu kuwa Mungu humfunza mwanadamu asichokijua, na siku hiyo alikuwa amekishika mkononi, kingali na joto.

"Allahu akbar," alisema, na Daktari Liu, aliyelifahamu hilo, akatikisa kichwa kukubali.

Ile barua ilichanwa. Mdomo wa plasta wa Mwalim ulikuwapo bado kwenye rafu, kwa hiyo kazi haikuanzia mwanzo. Siku mbili kabla ya maulidi alirudi kuchukua meno mapya. Benchi la nje lilikuwa limejaa, nao mlango ulikuwa wazi: mvuvi shavu limemvimba, bibi wa Kizimbani ameuma pamba, wengine wamejifunga vitambaa vya kichwa mpaka kidevuni. Daktari alikaa kwenye kigoda chake, akampa yale meno yakiwa yanachuruzika maji. Mwalim hakuyaosha. Alisema bismillahi, akayatia.

"Sema kitu," alisema Wanu. "Anataka asikie kama yamekaa."

Mwalim Jaku alifikiri kidogo. Kisha akafumba macho, akaanza kiyamu.

Thei ilitoka. Ilitoka safi, ikafuatwa na dhali, na sauti ikajaa chumba ikamwagika nje. Mwalim mwenyewe alistaajabu, kama anayesikia mtu aliyedhaniwa amekufa akibisha hodi, lakini hakusita. Kule nje mvuvi alisimama na shavu lake. Bibi wa Kizimbani alisimama, pamba mdomoni, mikono kifuani. Benchi zima likasimama, na Wanu akasimama pembeni ya kiti, machozi yanamtiririka. Daktari Liu alitazama mlangoni, akamtazama Wanu. Hakuelewa hata neno moja. Aliweka koleo yake chini, naye akasimama.