Rivelen Hayumo Kwenye Orodha

Mji wetu unaitwa Lokrivelen. Lok kwa Kibretoni, lugha yetu ya huku magharibi mwa Ufaransa, ni mahali patakatifu, kwa hiyo hapa ni kwa Mtakatifu Rivelen, basi. Wageni huniuliza Rivelen maana yake nini. Nimekuwa karani wa ofisi ya meya miaka mingi na sijui, padri hajui, na Roma ndiyo kabisa hawana habari naye. Ila sisi tunamjua. Alivuka bahari amekaa ndani ya hori la jiwe, akachoka hapa, akachimba kisima. Mwanamke akishikwa na uchungu humwita yeye. Ukiapa uongo kwa jina lake mdomo unapinda, au ndivyo mama alivyokuwa akinitisha. Jina hilo liko kwenye kibao cha barabarani na hata kwenye makopo ya biskuti. Mahali pamoja tu halikuruhusiwa, napo ni kwenye daftari langu la uzazi.

Sheria ya Paris ilitaka majina yaliyomo kwenye kalenda ya watakatifu, na Rivelen hayumo. Kwa hiyo watu waliandikisha Jean, wakaenda kumwita mtoto Rivelen nyumbani kwao, yakaisha. Mimi mwenyewe ofisini ni Jacques, nyumbani ni Jakez, na sijafa.

Kisha akaja Maharid. Tulisoma darasa moja, nilikuwa nikimwibia tufaha. Alikuwa amezika watoto wawili, wote kabla ya kuota meno. Mimba ya tatu ilipoingia alikwenda kisimani na kishati kidogo alichokishona, akakitupa majini kama wafanyavyo wanawake wetu. Kola ikizama, mtoto haishi. Ikielea, ataishi. Kola ikaelea. Maharid akapiga magoti palepale akaweka nadhiri kwamba mtoto huyu atakuwa Rivelen kanisani, nyumbani na serikalini, bila jina la pili la kujifichia. Na kwetu nadhiri ya kisimani hailipwi nusu. Aliyeahidi mshumaa wa kilo mbili hapeleki wa kilo moja.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tatu, mwaka hamsini na tisa. Mumewe, Tudual, fundi wa kuezeka, alikuja ofisini amechana nywele. Nikamwambia jina hilo haliwezekani. Akadhani namtania.

“Kaka, umekaa chini ya jina lake, unakula mkate wake, halafu unaniambia hayupo?”

Nikamsomea sheria. Nilikuwa na sauti maalumu ya kusomea sheria, ya puani, na nikiikumbuka leo naona aibu. Nikaandika mtoto wa kiume, nafasi ya jina nikaiacha wazi mpaka wazazi wapate akili. Naam, nilisema hivyo, wapate akili.

Tudual alirudi kila Jumatatu. Mara alete jibini, mara matusi. Maharid naye alinisimamisha nje ya kanisa, akasema kwa upole kwamba nadhiri imening'inia na yeye hapati usingizi. Nikamjibu kwamba mtakatifu mwenye akili zake hawezi kumdhuru mtoto kwa ajili ya karatasi. Nilijiona msomi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mwendesha mashtaka wa wilaya angeona jina lile, angeniandikia barua, kazi ingekwenda na maji, nami nina mama mgonjwa na mguu mbovu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yangu, wala si ile ya kitabuni.

Mwezi wa sita mtoto akapata kifaduro. Daktari alikuja mara tatu. Jumatatu ile Tudual hakutokea, nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe. Alhamisi akaja Maharid, peke yake, kuandikisha kifo.

Sikungoja aseme neno. Nikaandika Rivelen kwenye daftari la vifo, kwa herufi kubwa. Kisha nikafungua la uzazi, nikaijaza ile nafasi. Mkono haukusita. Sheria haikunijia hata akilini. Nikamgeuzia vitabu aone, na moyoni, nasema kweli, nilitegemea shukrani.

Alisoma vyote viwili, kidole kikifuata herufi.

“Kumbe ilikuwa dakika moja tu,” akasema.

“Maharid, dada yangu, mtoto kauawa na kifaduro.”

“Daktari ameshaniambia.” Akajifunga vizuri shali yake nyeusi. “Mwezi wa tatu pia mikono ulikuwa nayo, Jakez.”

Akatoka. Hakupiga mlango, aliurudisha taratibu kama mtu aliyeacha mgonjwa ndani. Tangu siku hiyo hatujibizani zaidi ya salamu, na salamu yenyewe huianza mimi.

Mimi siamini kwamba mtakatifu huua mtoto. Siamini. Lakini mama yule alimlea mwanawe miezi mitatu kwa hofu niliyoweza kuiondoa kwa wino kidogo.

Nikaanza kuingoja barua ya mwendesha mashtaka. Kila mwaka madaftari hupelekwa wilayani, yanakaguliwa, yanapigwa muhuri, yanarudi. Mwaka wa kwanza sikula vizuri. Mwaka wa pili nilikwenda mwenyewe kuulizia, wakanitazama kama mwehu. Sasa ni mwaka wa kumi na moja. Hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu lile jina.