Tochi Chini ya Tangi

Gracinda alikaa ukingoni mwa tangi, kamba mkononi, roho juu. Tangi lilichimbwa sakafuni mwa ghala la mvinyo, kina chake kimo cha watu wawili, na huko chini mdogo wake Albertino alikuwa akizoa maganda ya zabibu kwa koleo. Mvinyo wa kwanza walishautoa jana. Maganda yalibaki kukamuliwa, wapate ule mzito wa kuchanganya na wa matangi mengine mawili.

Kwao, katika bonde la mizabibu la Douro, anayeshuka hutanguliza mshumaa. Mvinyo ukichacha huacha chini hewa mbaya isiyoonekana, na mshumaa ukizimika hashuki mtu. Asubuhi hii Albertino alikubali kufungwa kamba kifuani, lakini mshumaa alimrudishia dada yake, akashuka na tochi mpya.

"Tochi haizimiki, dada. Mishumaa tumwachie padri."

"Basi ongea. Usinyamaze hata kidogo!"

Akaongea, na ubishi wa kila mavuno ukaanza.

"Mwaka huu tuchanganye zabibu za Touriga nusu," alisema Gracinda, "Roriz robo, Franca robo. Kama baba."

"Baba alipenda mvinyo wa kutafuna! Weka Roriz nusu, watu wanywe wafurahi."

"Wewe unajua nini kuhusu kunusa mvinyo? Hiyo si pua, ni kipande cha nyama kimebandikwa usoni!"

Kimya.

Kanuna, Gracinda akawaza. Tangu utotoni ukimgusa pua ananuna mpaka chakula cha jioni. Akachungulia kidogo, macho hayakufika chini kabisa, ila tochi ilikuwa inawaka vizuri, ukuta wote mwekundu. Moyo ukamtulia.

"Haya, nuna. Touriga nusu, na ndiyo basi."

Ndipo alipogundua kwamba hata koleo halisikiki.

Akawasha mshumaa, akalala kifudifudi na kuushusha. Kabla mkono haujanyooka, moto ukafa. Tochi iliendelea kuwaka, haina habari.

"Tino! Tino, nijibu!"

Mguu wake ulikuwa tayari kwenye ngazi. Hivyo hivyo ndivyo baba yao alivyomfuata amu yao, na mama akazika wawili siku moja. Gracinda alijua, na bado mguu ulitaka kushuka. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akaung'oa mguu pale kwa nguvu zote, akaizungusha kamba kwenye nguzo, akavuta huku akiwapigia ukelele wavunaji mlimani. Alivuta mpaka viganja vikachubuka. Aliona nywele, kisha uso wa buluu. Wavunaji wawili wakaingia mbio, wakamdaka Albertino kwapani na kumtoa nje uani.

Gracinda akampiga makofi, akampulizia pumzi mdomoni, akamtukana, akamwomba. Hatimaye Albertino akakohoa, akatapika, akafumbua macho.

"Dada," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "mbona hukunijibu?"

"Nikujibu nini?"

"Si nimekwambia umeshinda? Touriga nusu. Nimekwambia mara tatu."

Gracinda hakuwa amesikia hata mara moja. Akakishika kichwa cha mdogo wake kwa mikono miwili na kulia bila kujificha. Ndani, chini ya tangi, tochi ilikuwa bado inawaka, na hakuna aliyethubutu kwenda kuichukua.