Bibi, Karibu Tule

Mwanangu alihamia Uingereza na mkewe na binti yao, nikabaki Hong Kong peke yangu, ghorofa ya kumi na tisa. Sikulia mbele yao. Nilisubiri mlango wa lifti ujifunge.

Baadaye mjukuu wangu Yiu-yiu akaandikishwa madarasa ya lugha yetu, Kikantoni, ya kila Jumamosi, na kwenye mtihani angeulizwa maneno yote ya asubuhi. Mama yake akaniomba niwe namwamsha kwa simu kabla ya darasa, tuyafanyie mazoezi. Kwao asubuhi, kwangu saa kumi alasiri.

"Hei san! Amka, mvivu wewe!"

"Bibi, bado giza huku!"

"Giza la kwenu mimi linanihusu nini? Amka! Haya, sasa unafanya nini?"

"Chaat nga," ananijibu na mswaki mdomoni, povu linarukia simu. Neno lenyewe analisema kama anagombana na meno, lakini ndilo.

Kwetu mtoto hagusi vijiti vya kulia kabla hajawakaribisha wakubwa mezani, mmoja mmoja. Hilo halikuwemo kwenye mtihani, nililiongeza mwenyewe. Akikaa mbele ya mkate wake, lazima aseme, "Bibi, karibu tule." Na mimi huku nimeshapakua wali na samaki wa mvuke, nangoja kuitwa. Mume wangu alishafariki, na tangu wao waondoke hakuna mtu aliyewahi kuniita mezani, na nilikuwa na njaa ya sauti kuliko ya wali.

Jirani yangu, Mama Mok, alinikuta siku moja nimeandaa meza mapema.

"We dada, chakula cha jioni saa kumi? Umelazwa hospitali, wanakolisha mapema?"

"Afadhali mimi. Wewe unakula na televisheni."

Yiu-yiu akafaulu, tena vizuri. Nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu. Jumamosi iliyofuata nikapakua kama kawaida, nikapiga simu. Akapokea mkwe wangu.

"Mama! Usihangaike tena, jamani. Siku hizi anaamka mwenyewe. Keshakunywa chai, keshatoka."

"Vizuri. Ndivyo mtoto anavyotakiwa awe."

"Na wewe, Mama, umeshakula?"

Wali ulikuwa mbele yangu, unafuka moshi, sijautia kijiti.

"Nimekula, mwanangu," nikasema. "Nimeshiba kabisa."