Chungu cha Mama Anyes

"Udongo tena?" Yohana aliondoa vidole kwenye kibodi. "Hebroni, mimi nimebeba abiria kwa baiskeli tangu asubuhi. Nakuja kupumzika, wewe unanituma nikachimbe udongo!"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, natazama kioo. Kijana wa kwenye gemu ninayoitunga alitoka Ngonga na mchele wa kuwapelekea wakwe zake Mwaya. Kabla ya kuvuka mto alihitaji chungu cha kupikia, na chungu alikitengeneza mwenyewe: achote udongo, atafute kuni, achanganye, abonyeze. Wachezaji wote walikata tamaa hapo.

Kompyuta ilikuwa ya dada yangu Stella, mwenye duka la kuchapa kadi za harusi hapa Kyela mjini. Alikuwa ameniambia bila kuficha: kama mpaka jioni hakuna atakayepita hatua ya chungu, gemu inafutwa.

"Juzi nilikupunguzia udongo, ukachoka vilevile," nikamwambia Yohana. "Jana nikakuwekea chungu njiani ukiokote, ukakiruka."

"Chungu cha kuokota? Pengine kina dawa za watu."

Nje barazani Stella alikuwa akichukua chungu kwa Mama Anyes, mfinyanzi wa Kikisi anayeleta vyungu kutoka ufukweni mwa ziwa. Bei yake ni ileile ya siku zote: mchele unaokijaza. Stella akamimina mpaka juu, akakung'uta mikono. Mama Anyes akakishika chungu, akakitikisa. Mchele ukashuka.

"Mama, unatikisa au unachekecha?"

"Na wewe unamimina kama unamwagia kuku."

Stella akaongeza kidogo. "Na binti yetu aliyeolewa Karonga hajambo?"

Mikono ya Mama Anyes ikatulia. "Hajambo, mwanangu. Amejifungua pacha..."

"Hongera! Basi kimejaa," Stella akasema, akakivuta chungu.

"Mjanja huyu!" Mama Anyes akacheka mpaka kitenge kikamvuka begani.

Nikamwomba Yohana anipishe. Nikafuta udongo. Nikafuta kuni na kuchanganya. Mahali pake nikamchora mama amekaa na chungu. Unamimina mchele, anatikisa, unashuka. Unaweza kuongeza, lakini ukiongeza sana utafika kwa wakwe na kapu tupu. Unaweza pia kumuuliza habari za nyumbani. Akianza kusimulia, mikono yake inapunguza kasi. Nilijaribu mara kadhaa kupata kasi inayofaa. Mwanzoni alitikisa mpaka mchele wote ukaisha.

Yohana akarudi kwenye kiti. Akamimina. Mama akatikisa.

"Aa, huyu mama!"

"Muulize habari," Stella akasema. Alikuwa ameacha mteja wa kadi dirishani.

"Muulize za mvua," mteja naye akasema.

Mama Anyes akachungulia. "Ndiyo mimi huyo? Mbona mikono myembamba? Mfinyanzi hana mikono hiyo."

"Nitainenepesha, mama."

Yohana akauliza habari za binti, za mvua, za mbuzi. Mikono ikatulia. Akamimina upesi na kubonyeza. Chungu kikawa chake. Akaruka kwenye kiti kama amefunga goli, na Mama Anyes akamwambia, "Ndaga fijo, asante sana, lakini umenipunja."

Nikamtazama Stella. Alikuwa anacheka.

Kijana akaendelea na safari, chungu kichwani, mpaka mtoni. Pale kioo kikaandika: Tafuta shoka. Tafuta gogo. Chonga mtumbwi.

Yohana akanigeukia taratibu. "Hebroni. Na mtumbwi?"

"Kwani wewe ukitaka kuvuka unafanyaje?"

"Namwita mwenye mtumbwi. Akijifanya hasikii, namtania mpaka acheke."

Nikakaa, nikaanza kufuta, shoka kwanza. Lilipofutika, Stella alikuwa tayari ameshika kitambaa cha kufunikia kompyuta.

"Zima, tufunge," akasema. "Kesho nachapa kadi kuanzia mchana. Asubuhi ni yako."

Nikahifadhi kazi, nikazima. Gogo lilikuwa bado limelala pale mtoni.