Vibuyu vya Bwana Wasiwasi

Mwantum alikuwa akimaliza vibuyu kumi na viwili vya maji kwa siku, na hapa nazungumzia Dodoma, tena Dodoma ya enzi za Mdachi, mwezi wa Septemba, wakati watu wenye akili timamu wanasugua vyombo kwa majivu na kunawa uso kwa kiganja kimoja. Vibuyu viwili vilitosha nyumba nzima: mumewe Rajabu, mnunuzi wa ngozi, Bi Stara, mama wa Rajabu, na mtoto Mwajabu, aliyekuwa na mwaka na ushei. Kumi vilivyobaki vilikuwa vya mikono ya Mwantum.

Mambo yalianza siku alipoingia ghalani kwa mumewe, akashika ngozi mbichi ya ng'ombe, akasahau, akambeba mtoto. Jioni hiyo mtoto akashikwa na homa. Homa ilipoa baada ya siku mbili, lakini Mwantum hakupoa. Kitu kilimwambia mikono yake ina uchafu utakaomuua mwanawe, akanawa. Kikamwambia hukunawa vizuri, akanawa tena. Mwezi wa nne huu hajamgusa mtoto wake. Wakati wa kunyonyesha, Bi Stara ndiye aliyemshika Mwajabu na kumweka kifuani kwa mama yake, na mama mwenyewe ameinua mikono juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Mtoto akimkazia macho, Mwantum hutazama ukutani, maana akimtazama hulia.

Dawa zilitafutwa, msidhani watu walikaa tu. Mwalimu Abdulkadiri wa chuoni alimwandikia kombe, aya za zafarani zinazooshwa kwa maji, akalinywa vizuri kabisa, kisha akaingiwa na hofu kwamba tone la maneno matukufu limedondoka chini, akaisugua sakafu siku mbili. Mganga wa Zuzu alimkataza kushika chochote cheusi, na tangu hapo akawa ananawa hata akigusa chungu. Daktari wa Kijerumani alitazama vidole vilivyopasuka, akampa sabuni kali yenye harufu ya dawa, akamwambia anawe kwa sabuni hiyo asubuhi na jioni. Kumwambia Mwantum anawe! Kila aliyemtibu alimwongezea kazi, naye alizifanya zote kwa utiifu, akawa mgonjwa zaidi kuliko alivyokuja.

Ndipo Rajabu alipochoka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaogopa tu. Alimwandikia barua dada yake Arafa aliyeolewa Tabora, na Jumatatu moja akamwambia mkewe, huku akiangalia viatu vyake, kwamba Arafa anakuja kwa treni ya Ijumaa kumchukua Mwajabu akakae naye mpaka mambo yatengemae. Mwantum alijua mambo ya namna hiyo hutengemaa lini. Mtoto angerudi ni msichana mkubwa, anamwita shangazi yake mama.

Alitoka uani, akanawa.

Hapo hapo uani akaingia Loisi. Huyu alikuwa Mgogo wa Miyuji, rika lake Mwantum, mbatizwa, mwanamke mwenye shingo ngumu na maneno machache ya Kiswahili aliyoyatumia bila kuyapamba. Yeye ndiye aliyeleta maji ya nyumba ile. Siku hiyo alikitua kibuyu chini kwa kishindo, akajishika kiuno, akasema hatoki mpaka aonyeshwe mpangaji.

Mwantum akauliza mpangaji gani.

"Huyu Bwana Wasiwasi," Loisi alisema. "Miezi mingi nabeba maji yake. Nikimuuliza mama mkwe wako maji yote yanakwenda wapi, ananiambia Wasiwasi ameyamaliza. Leo asubuhi kasema tena, Wasiwasi ndiye anayemfukuza mtoto. Mimi nataka kumwona uso."

Mwantum alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na alikuwa hajacheka tangu kabla ya mfungo. Kisha akalia, kisha akaeleza vizuri: kwamba wasiwasi si mtu, ni neno tu, ni hofu iliyo ndani ya kichwa chake, inayomwambia mikono yake ni michafu na mtoto atakufa.

Loisi alisikiliza hadi mwisho, na nadhani hakukubali hata kidogo kwamba si mtu. Akauliza, "Anakwambia nawa?"

"Ananiambia."

"Na ukikataa, anafanya nini?"

Mwantum hakuwahi kukataa. Miezi minne alikuwa akitii kabla amri haijaisha kutolewa, wala hakujua nyuma ya amri ile kuna nini. Moyo ulianza kumwenda mbio, na kwa mara ya kwanza haukwenda mbio kwa hofu peke yake.

Loisi alieleza kwamba kwao mgeni msumbufu hafukuzwi, kwani kufukuza ni aibu na ukimfukuza anapiga kelele zaidi. Anaachwa. Aingie, akae, aongee mpaka koo limkauke. Ila hapewi kigoda, wala uji, wala maji. Baada ya kusema hivyo akakichukua kibuyu chake, kimejaa vile vile, akajitwisha, akaondoka nacho, na mauzo yake yakaondoka naye.

Mwantum alibaki uani, na katika kuinuka alikuwa ameshika mpini wa jembe lililoegemea ukuta. Hapakuwa na maji ya ziada. Wasiwasi akaanza. Alisema nawa, akasema mtoto atakufa, akasema utakuwa wewe uliyemuua. Mwantum alikaa chini, akaikunja mikono ndani ya kanga yake na kuikalia ili isiende popote. Aliwaza kwamba hofu itapanda, itapanda, mpaka apasuke. Ilipanda kweli. Ilipofika juu ikakaa. Halafu, jua likiwa bado halijafika utosini, ikaanza kushuka.

Yenyewe tu. Bila tone la maji.

Aliinuka akatoka mbio, kanga moja begani, akapita soko zima na askari wa boma wakamgeukia, akamkuta Loisi karibu na njia ya Mkonze anapumzika. Alimshika mabega kwa mikono ile ile ambayo hakuinawa. Alisema, "Anachoka, Loisi. Wasiwasi anachoka," na Loisi akasema bila shaka anachoka, nani asiyechoka.

Bado ilibaki sala, na hiyo ilimtia hofu kubwa kuliko yote, kwa hiyo alikwenda kwa Mwalimu Abdulkadiri kumuuliza kama ni dhambi kutawadha mara moja tu na kuswali huku moyo unasema udhu haukutimia. Mwalimu alisema shaka haitengui udhu, na mtu wa wasiwasi ameamriwa asiisikilize. Akajikuna ndevu. "Hukumu hii naifundisha kila mwaka," alisema. "Sikujua kuwa ndiyo dawa." Ni mwalimu adimu atakayekiri jambo kama hilo mbele ya mwanamke, na mimi nampa heshima yake.

Siku zilizofuata zilikuwa za shangwe na za mateso, vyote katika saa moja. Jumanne, vibuyu sita. Jumatano, vinne, na Loisi akimmiminia maji ya udhu mwenyewe kisha akikalia kifuniko cha mtungi. Mwantum alishika chungu cheusi, akangoja. Alishika mlango wa ghala, akangoja. Kila mara Wasiwasi alipanda na kila mara alishuka, na mara nyingine alishuka upesi zaidi, na Mwantum alikuwa akimweleza Bi Stara kila hatua mpaka mama wa watu akaomba apumzishwe masikio. Lakini kumgusa mtoto hakuthubutu. Alhamisi alinyoosha mkono hadi karibu na shavu la Mwajabu, akaurudisha, akalala nao chini ya ubavu.

Ijumaa treni ya kutoka Tabora ilichelewa, ikaingia alasiri. Rajabu alikuwa na robota za ngozi za kupakia kwenda pwani, na Mwantum, kwa ushauri wa Loisi, alikwenda naye stesheni kuzifunga. Alizifunga kwa mikono mitupu. Mafuta, manyoya na chumvi vilimwingia kwenye mipasuko ya vidole, vikamchoma, naye akaendelea kuvuta kamba huku Bi Stara akisimama kando na mtoto mgongoni.

Arafa alishuka amevaa vizuri, anatabasamu kwa huruma, akanyoosha mikono. Bi Stara akamfungua mtoto. Mwajabu alipomwona yule mgeni akaangua kilio, akajipinda, akanyoosha mikono yote miwili kwa mama yake, yule ambaye kwa miezi minne hakumpokea.

Pale kwenye robota hapakuwa na maji karibu. Wasiwasi alipiga kelele kuliko siku zote. Alisema ngozi, alisema homa, alisema kaburi. Mwantum alimsikia neno kwa neno.

"Sema," akamwambia, kwa sauti, mbele ya watu. Akampokea mtoto.

Alikuwa mzito. Miezi minne alikuwa akinenepa mgongoni kwa mwingine. Arafa alirudisha mikono yake polepole, akamtazama kaka yake, na Rajabu akageukia robota zake akizihesabu vibaya kwa sababu haoni kwa machozi. Mwajabu alinyamaza. Aliushika mkono wa mama yake, akaugeuza huku na huku kama kitu kipya kilichotoka dukani, akachagua kidole kimoja chenye mafuta na manyoya, akakitia kinywani, akaanza kukinyonya.

Mwantum alisimama, Wasiwasi akilia masikioni mwake, na hakukitoa.